Komba na Dua ya Kula

Kwanza kabisa: sikuruka dirishani. Dirisha la chumba cha wageni kwa kina Hamisi lina nondo, na mwili huu mnaujua. Kwa hiyo ile sauti aliyoirekodi na kuisambaza kila grupu tangu jana, nusu yake ni uzushi. Nusu iliyobaki ni mbaya zaidi, bora niiseme mwenyewe.

Mnakumbuka nilivyotamba. Kitabu cha hadithi fupi za giza, majini na misitu inayotembea, nikaandika hapa kwamba hizi ni za kuwalazia watoto. Nikaenda nacho Pangani. Hadithi ya tatu ina mtoto anayelia nje ya nyumba usiku, kisha anapiga hodi. Ukimjibu "karibu", kesho yake nyumba inakuwa na mtu mmoja pungufu. Nikacheka. Nikaisoma mara ya pili, sijui kwa nini.

Saa nane usiku umeme ukakatika. Feni ikazunguka ikichoka, ikichoka, ikanyamaza. Na hapo, nje, mtoto akalia.

Nikasema ni wa jirani. Jirani wa kina Hamisi ni mgema, mzee anayeishi peke yake na vibuyu vyake. Hana mtoto. Akalia tena, sasa juu ya mnazi. (Wewe unayecheka, lini umesikia mtoto mchanga akilia juu ya mnazi?) Kimya. Halafu juu ya bati, kichwani pangu kabisa: ndu! Kitu kikateleza krrrrr mpaka ukingoni, kikaguna kama mtu aliyekosea ngazi.

Nikatoka na shuka kiunoni, nia yangu nifike mlangoni kwa Bibi. Simu ina chaji asilimia 4. Nikamulika uani. Juu ya ukuta wa choo, macho mawili. Mviringo, makubwa, yanawaka kama makaa. Yanayumba. Nikajiambia: soma Ayatul Kursi, unaijua tangu madrasa. Nikavuta pumzi, nikafumba macho, nikafungua kinywa, na kwa sauti ya kuamsha mtaa ikatoka:

"Allahumma barik lana fima razaqtana wa qina adhaban-nar!"

Dua ya kula, jamani. Hadithi nzima onyo lake ni usimkaribishe, mimi nimemwandalia meza. Na sikuacha! Nilivyoona haondoki nikairudia, mara tatu, kila mara kwa tajiwidi bora kuliko mwanzo.

Ndani kukasikika Bibi: "Nani huyo anakula saa hizi?"

Nikajibu, "Shikamoo Bibi."

Akatoka na kibatari, akatazama ukutani, akatazama shuka langu, lililokuwa limebaki njiani. "Marahaba. Vaa, mjukuu wangu. Huyo komba, kalewa tembo la watu." Bibi huyu mwaka 1995 alikuwa Pemba, watu walipolala nje kwa makundi wakimwogopa popobawa, jini aliyesemekana kuvamia watu usiku wakiwa wamelala. Yeye anachokikumbuka ni mbu. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu hadithi ya tatu?

Maisha yangu yote nimesema fulani kalewa kama komba. Sikuwahi kujiuliza komba mwenyewe analewa wapi, wala kwamba analia kama kichanga. Hamisi alijua yote mawili. Alikuwa amesimama mlangoni na simu.

Mengine hayana maana. Komba akaenda zake, mgema akaambiwa, mtaa ukacheka. Asubuhi Bibi akaleta mihogo ya nazi, akatutengea, akasema, "Tuleni tu, dua mgeni ameshaisoma."

Kitabu nimemwachia Hamisi. Jana saa sita usiku ameniandikia, bila salamu, kuniuliza kama komba huwa wanapiga hodi.