Mjomba mara 6,214

Yote yalianza na mjomba kukataa kufa.

Nilikuwa nimemaliza mswada wa riwaya ya anga za juu, kazi ya miaka miwili, na jioni moja nikawasomea watu wa nyumbani sura ya tisa. Humo nahodha anajitoa mhanga ili wenzake wafike salama. Nahodha aliitwa Ali. Nilitarajia machozi. Mjomba, ambaye naye ni Ali, alivua miwani, akaifuta polepole na ncha ya shati, akasema, "Yaani umenipeleka mpaka kwenye nyota nyingine ili ukanizike huko?"

Nikamweleza kwamba Ali ni jina tu. Akaniambia basi nitumie langu.

Mimi ni mtu wa kujali vitu vidogo, kama walivyo wengi tunaoandika hadithi za namna hii. Chombo changu kinaelekea Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiliacha Jua, umbali wa miaka ya nuru 4.24, yaani nuru yenyewe huchukua miaka hiyo kufika. Kinakwenda kwa sehemu moja ya kumi ya kasi ya nuru, kwa hiyo safari ni miaka 42 na ushei, na nilikesha usiku mwingi nikipiga hesabu ya namna kitakavyofunga breki. Akikaribia huko, nahodha akiuliza swali nyumbani, jibu linamfikia baada ya miaka minane na nusu hivi. Ndiyo maana nimempa maswali machache, tena ya maana. Sayari wanayoiendea huizunguka nyota yake kwa siku 11 tu na kidogo, na huo ndio mwaka wao. Mjomba ana miaka 62. Kule angehesabiwa zaidi ya 2,000. (Nilimwambia hivyo nikidhani atafurahi. "Na bado unaniua kijana," akasema.)

Katika hesabu zote hizo sikukosea hata moja. Nilichokosea ni kubonyeza kitufe.

Mhariri aliyeuomba mswada alinipa mpaka saa sita usiku. Saa sita kasoro dakika kumi nikaona nimalize kabisa ugomvi wa ukoo: nahodha abadilishwe jina. Awe Zorko. Jina lina harufu ya chuma. Nikafungua pale pa kutafuta na kubadilisha, nikaandika Ali juu, Zorko chini. Pembeni palikuwa na kisanduku kidogo, ukubwa wa punje, kimeandikwa "maneno kamili tu". Sikukitia alama. Nikabonyeza "badilisha yote".

Kompyuta ikatafakari kidogo, kisha ikaniarifu: mabadiliko 6,214 yamefanyika.

Naapa nilifurahi. Nikajisemea, huyu kweli ni mhusika mkuu. Nikahifadhi juu ya faili lile lile, nikatuma, nikafunga kompyuta, nikalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Asubuhi nikafungua ukurasa wa kwanza nijisomee kwa raha zangu.

"Zorko Zorkosimama mahZorko palepale, akauliza swZorko kZorko: nani ZorkoZorkokwa humu?"

Nilichokuwa nimeandika ni hiki: "Ali alisimama mahali palepale, akauliza swali kali: nani alialikwa humu?" Sikuwahi kufikiria jinsi lugha yetu inavyozipenda herufi hizo tatu. Mtu yeyote akishafanya jambo, basi alikula, alilala, alioga. Wakiwa wengi, walikula, walilala. Sasa wote walikuwa wamezorkoka. Sayari ilikuwa mbZorko. Mizinga ya nyuki ndani ya chombo ilitoa asZorko. Abiria wa matabaka mbZorkombZorko waliungana kuipinga serikZorko. Nilishuka ukurasa hadi ukurasa nikitafuta sentensi moja iliyosalimika, nikaipata kwenye ukurasa wa 12: "Kimya."

Mhariri alijibu siku ya nne. Siku zote nne nilikuwa nikitunga barua ya kuomba radhi na kuifuta. "Nimesoma kurasa thelathini," aliandika. "Mwanzoni ulimi uliniuma, baadaye nikazoea. Kubuni lugha nzima si mchezo. Ila msomaji wa kawaida atapotea. Niletee kurasa mbili za sarufi."

Hapo ndipo muungwana angesema ukweli. Mimi nikamkumbuka Tolkien, bingwa wa lugha aliyebuni lugha kwanza, hadithi zikafuata nyuma. Nikamkumbuka Marc Okrand, aliyewatungia Waklingoni, viumbe wa filamu za Star Trek, lugha yao mpaka ikapata kamusi mwaka 1985. Nikajiona wa tatu katika msafara huo. Nikaketi kuandika sarufi.

Tena ilinoga. Zorko, nikaandika, ni mzizi wenye maana ya "kilichopita". Ndiyo maana umo katika vitenzi vya jana. Umo katika asZorko kwa kuwa asali hupitia kwanza tumboni mwa nyuki. Umo katika mbZorko kwa sababu nuru ya nyota tunayoiona leo iliondoka huko zamani. Umo katika serikZorko kwa sababu hakuna inayodumu. Kufikia hapo nilishaanza kuiamini mwenyewe. MbZorkombZorko peke yake ndiyo iliyonishinda. Nikaiita wingi wa heshima.

Binti yangu wa miaka kumi alikuwa nyuma ya kiti changu, anatafuna kifuniko cha kalamu.

"Baba, hiyo si Ali tu?"

"Ali gani?"

"Ali wa babu. Kila penye Zorko weka Ali, inasomeka." Akausoma ukurasa mzima kwa sauti, bila kujikwaa, hata ZorkoZorkokwa.

Sebuleni mjomba akazima redio. "Kwani mimi nimo humo mara ngapi?"

"Elfu sita na mia mbili na kumi na nne, babu!"

Siku hiyo hiyo nikamwandikia mhariri ukweli wote. Akajibu kwa mstari mmoja: "Afadhali, nilishaanza kuota Kizorko." Akaniongeza wiki.

Nikafanya lililoonekana rahisi: tafuta Zorko, weka ali. Mabadiliko 6,214. Vitenzi vikapona, asali ikarudi kuwa asali. Sentensi mamia zikawa zinaanza kwa herufi ndogo. Hizo nilizirekebisha moja moja hadi macho yakawa mekundu. Lakini nahodha naye alikuwa amerudi na jina lake, na katika sura ya tisa bado anakufa. Ningeweza kukibonyeza tena kitufe kile, safari hii kisanduku nikiwa nimekitia alama. Mkono ulikataa. Nikaenda kwa mjomba.

"Mjomba, vipi usife, ulale tu? Kuna chumba cha baridi, mtu analazwa humo, chombo kinaachwa kijiendee."

"Kwa mwendo gani?"

Nikamwambia tuchukue wa Voyager 1, chombo cha anga cha Marekani kilichorushwa mwaka 1977, kilomita 17 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo, mpaka Proxima ni zaidi ya miaka 70,000.

Akavaa miwani. "Na hakuna wa kuniamsha?"

"Hakuna."

"Hata wewe, na hadithi zako?"

"Hata mimi, mjomba."

"Basi andika."