Jangili wa Mto Kidepo

Mto Kidepo, ulioko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna maji ya kuonekana, bali ni mchanga mtupu uliopita katikati ya mivumo mirefu, miti ya jamii ya mnazi, ambayo hustawi kwa sababu maji yenyewe yamejificha chini. Shemeji yangu, aliyefunga safari kutoka Kampala na taulo na kaptura ya kuogelea, alilipokea jambo hilo kwa uchungu, nami nikamcheka mpaka askari wa hifadhi aliyetusindikiza na bunduki yake akaniomba nipunguze sauti nisije nikawashtua tembo, ambao hupenda sana matunda ya mivumo.

Mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya vya kupandia milima, ambavyo njia nzima nilikuwa nimemsifia shemeji, bei ikiwa ndani. Mchanga ulikuwa umechemka kwa jua la saa saba; gundi ikalegea, soli ya kushoto ikabaki nyuma kimyakimya, na ya kulia, pengine kwa kumhurumia mwenziwe, ikafuata. Ngozi ya juu na kamba vilibaki vimefungwa barabara, kiasi kwamba aliyenitazama kwa juu aliona bwana mwenye viatu, ilhali chini nilikuwa pekupeku. Heshima ni kitu kizito. Nilizitia soli mkobani, nikajiweka nyuma ya wenzangu nikichechemea, na kila penye kivuli cha mvumo nikasimama kana kwamba natazama ndege.

Wakati wa kurudi, askari alisimama ghafla, akainama, akagusa mchanga kwa kidole.

“Kuna mtu alikuwa anatufuata,” alinong’ona. “Pekupeku. Mwanamume, mzito, anachechemea mguu wa kushoto. Alikuwa anajificha kila penye mvumo.”

Sijapata kuelezwa kwa usahihi namna ile, hata na daktari. Shemeji aliuliza kwa sauti ya kutetemeka kama huyo ni jangili. Askari hakumjibu, kwani alikwisha kuinua simu ya upepo kuwaarifu wenzake wa Apoka, makao makuu ya hifadhi. Nilifungua kinywa nieleze, shemeji akaniziba kwa kiganja, akanisihi nisituuze kwa adui.

Hifadhi ya Bonde la Kidepo ina kilomita za mraba 1,442, lakini siku hiyo gari la doria lilitufikia upesi wa ajabu. Askari waliruka chini, bunduki mkononi, wakazifuata nyayo kwa makini, mvumo hadi mvumo, mpaka zikawafikisha nyuma ya visigino vyangu, wakasimama. Mkubwa wao alivitazama viatu vyangu, akautazama mchanga, akavitazama viatu tena.

“Mzee, samahani,” alisema kwa adabu kubwa. “Hebu inua mguu.”

“Upi, afande?” nikamuuliza.