Kobe Akiingiza Kichwa Ndani, Hajafa

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la wapenda magari, mtu katupia picha ya jedwali la usajili la Uingereza na chini yake kaandika: "Gordon-Keeble ndo basi tena, zimebaki za kuhesabu kwa vidole." Watu wakamiminika na vikaragosi vya machozi. Msiba wa gari la Kiingereza ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuligusa! Ila kuzika mzima kunanikera.

Zilitengenezwa 99 tu kati ya 1964 na 1967, kwanza Eastleigh, kisha Southampton. Ya 100 ikaungwa baadaye kwa vipuri vilivyosalia. Umbo alilichora Giugiaro, mbunifu wa magari wa Italia, akiwa kijana wa miaka 21, injini ni V8 ya Chevrolet, lita 5.4. Nembo? Kobe. Farasi 300 chini ya boneti, juu yake kobe. Waingereza hawa!

Sasa hilo jedwali lenu linahesabu karatasi. Gari lenye leseni ya barabara limo. Lililotangazwa kwamba halitembei limo safu ya pili. Lakini sharti la kutangaza lilianza 1998. Gari lililofunikwa turubai bandani mwaka 1985 na kuachwa hapo, mwenyewe hakudaiwa atangaze chochote. Huku halimo, kule halimo. Rudi nyuma zaidi: kumbukumbu zilipohamishiwa kwenye kompyuta kule Swansea, kwenye ofisi ya serikali ya usajili wa magari, mlango ulifungwa 1983. Ambaye hakupeleka kadi yake ya zamani, kwa serikali gari lake ni kama halijawahi kuzaliwa. Na yaliyouzwa nje ya nchi je? Bodi yenyewe ni ya faiba, kutu itakula nini hapo? (Sawa, chesisi ni chuma. Msinikatishe.) Wanaoyafuatilia kwa namba za chesisi, moja baada ya moja, wanayajua zaidi ya 90. Tisini na ushee kati ya mia, halafu mnatandika jamvi la matanga!

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba jedwali linakwambia mangapi yana ruhusa ya kuwa barabarani leo. Basi semeni hivyo.

Mjomba wangu Tanga alikuwa na Peugeot 504, miaka kadhaa juu ya mawe chini ya mwembe. Kuku walitagia kiti cha nyuma, na shangazi alianika dagaa kwenye boneti. Mtaa mzima ulishaihesabu chuma chakavu, wanunua skrepa walipita kila mwezi kuuliza, naye anawajibu, "Imelala tu hiyo." Mimi mwenyewe nilimcheka. Jumamosi moja akaja na fundi, betri ya kuazima na petroli kwenye chupa ya maji. Ikakohoa mara tatu. Ya nne kuku wakatoka mbio, manyoya matupu, na dagaa wa shangazi wote chini.