CD umeinunua kwa pesa yako, kwa nini ikuharibie kompyuta?

Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG walitoa CD za muziki ambazo ukiziweka kwenye kompyuta ya Windows zinakutaka ukubali kwanza programu yao ya kuzuia kudurufu ndo usikilize, watu wakabonyeza kukubali kama tunavyobonyeza sote, kumbe ile programu, XCP, inakuja na rutkiti, yaani inajificha ndani kabisa ya mfumo hata mwenye kompyuta asiione. Faili lolote lililoanza na $sys$ lilikuwa halionekani tena. Tarehe 31 Oktoba mtaalamu mmoja wa Marekani, Mark Russinovich, akaianika hadharani na wanunuzi wakaja juu khasa.

Mie nna moyo na wasanii, kwa hivyo naanza na wao. Hapa Zanzibar taarab ni jasho la watu wengi: wa kanuni, wa fidla, wa kodiani, mwimbaji na waitikiaji, na nyuma yao yupo alokaa akatunga yale maneno. Halafu kanda moja inanunuliwa, inadurufiwa dukani, wengine wote wanauziwa kopi na kikundi hakioni hata senti. Ndo maana mpaka leo tegemeo lao ni harusi na jukwaa. Kwa hivyo anayesema kampuni zisilinde kazi zao kabisa, huyo simkubalii hata kidogo, wizi ni wizi tu.

Lakini ile kufuli ilimzuia nani? Mwizi anahitaji kopi moja tu iliyo wazi, akiipata basi. Na kuipata hakukuwa kazi, mwaka 2003 mwanafunzi wa Princeton, Alex Halderman, alionesha kwamba kinga nyengine ya CD, MediaMax, inashindwa ukibana kitufe cha Shift tu wakati unaingiza CD! Sasa tazama matokeo yake, aliyechukua nyimbo za wizi mtandaoni hakupata rutkiti ile, aliyekwenda dukani akalipa pesa yake halali ndo aliyeingia nayo nyumbani. Hapo ndo pananikera zaidi kuliko pote.

Na haikuishia hapo, maana watunga virusi hawakuchelewa kuitumia ile sehemu ya kujificha, na kifaa cha kuiondoa walichotoa kampuni nacho kikafungua tundu jipya la usalama. Mkubwa mmoja wa Sony BMG, Thomas Hesse, akahojiwa redioni akasema watu wengi hata hawajui rutkiti ni nini, sasa kwa nini waijali. Jamani! Mtu hajui kilichomo ndani ya kompyuta yake kwa sababu wewe umemficha, halafu kutojua kwake ndo iwe hoja yako? Novemba hiyohiyo CD zikarudishwa, jimbo la Texas likashtaki, na Januari 2007 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikafikia makubaliano kwamba kampuni ilipe hadi dola 150 kwa mtu ambaye kompyuta yake iliharibika alipojaribu kuitoa ile programu.

Mie naipigia hesabu ya kwetu. Kule Pemba, Wete au Chake, nyumba nzima kompyuta moja, mtoto ana kazi za skuli humo, baba ana hesabu za duka, fundi akija dawa yake ni kufomati na vyote vinakwenda. Dola 150 zinarudisha nini? Na kuhamisha nyimbo ulizonunua ukazitia kwenye flashi usikilize garini, huo si wizi, ni matumizi ya kawaida ya mtu na mali yake.

Mwaka 2013 Tanzania ilileta stempu za kodi kwenye CD za muziki na filamu. Unaweza kulalamika kwamba zinaongeza bei au zinaigizwa, na malalamiko hayo yana uzito, ila stempu inakaa juu ya kasha unaiona, haiingii ndani ya kompyuta ya mtu. COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, nao wana njia ya kwenda kwa mwenye hoteli na mwenye redio wanaopata faida kwa muziki wa watu, hapo ndo penye pesa na hapo ndo nataka nguvu itiwe. Na kampuni ikishikilia kuweka kufuli, basi iandike juu ya kasha kwa Kiswahili cha kueleweka kinaingia nini na kinatolewa vipi, mnunuzi asome kabla hajatoa pesa mfukoni.