Praima ya Ndege ya Kiganjani
Ukiingia katika duka la rangi za magari hapa Dar es Salaam na kuomba praima (rangi ya msingi) ya kujaza mikwaruzo, muuzaji atakuuliza ni ya gari gani, na ukimjibu kwamba ni ya ndege ya kivita ya Spitfire ya plastiki iliyopunguzwa mara 72, atakutazama kwa huruma. Mr. Surfacer ya Japani, praima ya modeli za plastiki kama hii, yenye namba 500 hadi 1500, ambayo kadiri namba inavyopanda ndivyo inavyozidi kuwa laini, sijaiona dukani hata siku moja. Na ukitaka kuiagiza nje, kopo la kupuliza, kwa kuwa gesi yake hushika moto, halipandi ndege kama kifurushi cha kawaida.

Basi nilinunua ya magari. Niliipuliza kwa karibu mno (kosa langu, nakiri), na kiyeyusho chake kikali kikalila bawa la kushoto hadi likawa na vinundu kama ganda la chungwa. Ufa wa kwenye maungio, ambao ndio hasa niliotaka kuuziba, bado upo, ilhali mistari myembamba inayoiga maungio ya mabati ya ndege halisi, ambayo sikutaka iguswe, imezibika kabisa. Sasa nasugua kwa msasa wa maji.