Musherekha, omena na bakuli la rameni

Ukitaja rameni, ile supu ya tambi ya Kijapani, ya kupika nyumbani hapa Kisumu, swali la kwanza ni vitu vyake vitatoka wapi. Watu huamini ni lazima viagizwe Nairobi au vije na jamaa anayerudi kutoka ng'ambo. Mimi naona magharibi mwa Kenya ni mahali pazuri sana pa kujifunzia rameni, na sababu zangu ni mbili: musherekha, yaani maji ya jivu tunayotia kwenye mboga, na omena, dagaa wa Ziwa Victoria.

Wengi hukata tamaa kwenye tambi. Ule umanjano huwafanya wadhani siri ni mayai, kumbe ni kansui, yaani maji yenye sodiamu kaboneti na potasiamu kaboneti. Chumvi hizo hukaza donge, tambi zikawa na ukinzani kidogo mdomoni, na ndizo zinazotoa rangi. Sasa muulize kukhu, yaani bibi mzee, yeyote wa Vihiga au Kakamega anavyopata musherekha. Huchoma maganda makavu ya maharagwe, akaweka jivu kwenye kopo lililotobolewa chini, akamimina maji taratibu. Yanayodondoka ni ya kahawia, na ukiyasugua vidoleni yanateleza. Jivu la mimea lina potasiamu kaboneti kwa wingi. Hayo maji tunayotia kwenye mrenda na kunde ni ndugu wa damu wa kansui, nasi tumekuwa nayo jikoni miaka yote.

Nguvu ya musherekha hubadilika kila unapotengenezwa, kwa hiyo anza na kidogo. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano natumia mililita 200 za maji, robo yake musherekha, pamoja na kijiko cha chai cha chumvi. Unga ukigeuka manjano hafifu, umepatia. Ukisikia harufu ya sabuni, punguza. Donge litakuwa kavu na kaidi kuliko la chapati, na hapo usiongeze maji hata mkono ukikuomba. Lifunike saa nzima lilainike lenyewe, kisha lisukume kwa kifimbo cha chapati na ukate nyembamba kwa kisu kikali. Tambi zinaiva kwa dakika 2 hivi.

Upande wa supu, Wajapani wana niboshi, dagaa wadogo wa baharini waliokaushwa, na huko Aomori, kaskazini mwa Japani, kuna rameni zinazotegemea supu ya dagaa hao. Omena wanaifanya kazi hiyo vizuri. Pale soko la Kibuye chagua waliokaushwa juu ya neti, wanaong'aa, wasio na mchanga. Wa kulisha kuku waache. Toa vichwa na matumbo kwa sababu ndiyo yenye uchungu, wakaushe kidogo kwenye sufuria bila mafuta, waloweke kwenye maji baridi usiku kucha, halafu wapashe moto bila kuwaacha watokote. Chuja. Supu hiyo ichanganye na ya kuku wa kienyeji aliyechemka polepole pamoja na miguu yake.

Na usisahau nyanya. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda aligundua kwamba utamu wa supu ya mwani wa kombu unatokana na kemikali iitwayo glutameti. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akapata kemikali nyingine ya ladha, inosineti, kwenye samaki mkavu. Viwili hivi vikikutana, ladha hupanda kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Nyanya mbivu ina glutameti, samaki mkavu ana inosineti, na akina mama wa Nyanza wanaokaanga omena kwa nyanya wamekuwa wakilijua jambo hilo kwa ulimi.

Supu nyeupe ya mifupa ya nguruwe, ile ya Hakata huko Japani, siipendekezi kwa anayeanza. Inataka moto mkali kwa saa nyingi mfululizo, na makaa ni ghali.

Chini ya bakuli tia soya sosi vijiko viwili, kisha supu ya moto, kisha tambi. Juu yake mimi huweka yai la kienyeji lenye kiini laini na managu (mnavu) yaliyochemshwa yakakamuliwa. Uchungu wa managu unakata mafuta ya kuku, na kwangu hakuna mboga ya supamaketi inayoyafikia kwenye bakuli hilo.