Ngoja Baba Yako Arudi

Mume wangu ni dereva wa lori la semi. Anapakia salfa bandarini Dar, anaipeleka kwenye migodi ya Kolwezi huko Kongo, anarudi na shaba. Akiwahi ni wiki tatu. Foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ikigoma, mwezi unakatika na siku zinaongezeka juu yake. Mimi nabaki Kimara na cherehani yangu na watoto wawili, wa kiume ana miaka mitano, wa kike mwaka na miezi minane.

Safari moja, siku ya tatu tangu aondoke, mkubwa alipiga mpira sebuleni ukaangusha chupa ya chai. Kioo cha ndani kikawa chenga. Mgongoni nilikuwa na mdogo anayelia meno, jikoni maharage yanaungua, na mteja amekaa mlangoni anasubiri gauni la sendoff ya kesho yake. Sikumpiga wala sikumkaripia. Nilisema tu, "Sawa. Ngoja baba yako arudi." Nikafagia, nikaendelea na pindo la gauni, nikasahau kabisa.

Baba yake alirudi siku ya 26, saa moja jioni, ananuka dizeli. Mdogo alimwangalia kwanza kama mgeni, halafu akakubali kubebwa. Mkubwa haonekani. Tukaita, kimya. Nikamkuta uvunguni amekumbatia ganda la ile chupa. Kumbe siku ile aliliokota kwenye ndoo ya taka akalificha, na wiki zote hizo alikuwa nalo. Baba yake alipoinama kumwangalia, kabla hajafungua mdomo, mtoto akasema, "Siyo mimi."

"Siyo wewe nini?"

Mwenzangu hakuwa na habari ya chupa yoyote. Akanigeukia mimi, na mimi mwenyewe ilibidi nikumbuke.

Watoto walipolala akaniambia, bila ukali, "Kuanzia mizani ya malori ya Vigwaza mpaka ya Mpemba karibu na mpaka, kila anayenisimamisha anataka kujua nina kosa gani. Nafika kwangu, na mwanangu ananiogopa kama mimi ndiye nakagua." Akaenda kuoga. Sikuwa na la kujibu.

Tangu hapo ile kauli nimeiacha, na nadhani wanawake wenzangu ambao waume zao wako safarini, iwe barabarani, melini, jeshini au Uarabuni, tungeiacha wote. Najua inavyotutoka. Saa kumi na mbili jioni umeshatumia sauti yako yote tangu asubuhi, watoto wameizoea kama kelele za feni, unatafuta kitu kizito cha kuweka mezani. Kizito kilichopo ni jina la mtu asiyekuwepo. Linafanya kazi papo hapo, mtoto ananywea, jioni inapita. Ila anayelipa ni yule aliyeko mbali, ambaye hata hajui kuwa pamekopwa kwa jina lake.

Na yeye muda wenyewe anao kiasi gani? Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za uzazi, baba siku 3. Mdogo wetu alizaliwa baba yake yuko upande wa Zambia, hata hizo tatu zilimpita. Mtu wa namna hiyo akipata siku nne za kukaa nyumbani kati ya safari na safari, halafu mbili kati ya hizo mtoto anamkwepa kwa sababu ya maneno yangu, nani mkorofi hapo?

Jirani yangu anatisha kwa sindano. "Nitakupeleka ukachomwe!" Kila siku, kwa kosa la kumwaga maji tu. Mwanawe alipofikisha miezi 18 na zamu ya pili ya chanjo ya surua na rubela ikafika, manesi wawili ndio waliofanikiwa kumshika, na kliniki nzima ililia naye. Nilicheka sana siku ile. Sikuona kwamba kwangu baba ndiye sindano.

Kuna watakaosema mtoto wa kiume asiye na hofu ya baba anaharibika, hasa baba mwenyewe akiwa msafiri. Nimeambiwa hivyo na watu wa karibu kabisa, wakwe zangu wakiwemo, nami nawaheshimu. Jibu langu ni kwamba adabu ya mtoto wa miaka mitano haiwezi kusubiri shaba ifike bandarini. Kosa la Jumatatu likisuluhishwa mwezi ujao, kwake si adabu tena. Ni mtu mkubwa aliyetoka safari na kumpiga bila sababu anayoikumbuka, au, kama huyu wangu, ni woga wa wiki tatu kwa kitu cha elfu kumi na kitu. Siku hizi kosa linaisha siku hiyohiyo na linaisha na mimi. Umemwaga, utafuta. Umempiga mdogo, mpira unakaa juu ya kabati mpaka kesho. Nikishindwa, na kuna siku nashindwa hasa, naingia chooni nafunga mlango dakika mbili, wanagonga, natoka.

Simkingi mwenzangu kwa kila kitu. Ana la kwake. Akifika anavunja ratiba yote, watoto wanakesha, soda saa tatu usiku, halafu anaondoka na mimi nabaki kuijenga upya kwa siku tano. Tumegombana sana juu ya hilo, na bado. Nilichomwomba ni kwamba siku mbili za kwanza asitoe amri wala ruhusa yoyote, aangalie tu nyumba inavyokwenda. Anajitahidi. Soda imeshinda.

Wala sijiiti mlezi wa peke yangu. Yule ambaye hakuna meseji ya hela inayoingia mwisho wa mwezi, na hakuna mtu atakayetokea mlangoni hata awe ananuka dizeli, huyo ndiye peke yake. Mimi ni mtu wa zamu ndefu. Lakini zamu ndefu nayo ina usiku wake. Mwezi uliopita mdogo alipanda homa saa nane usiku, umeme wa LUKU umekata, na kilichonisumbua zaidi haikuwa homa. Mkubwa nimwache na nani? Ilibidi nimwamshe, nimvalishe sweta gizani, tukapanda bajaji wote watatu kwenda zahanati, yeye ameshika kadi ya kliniki mikononi kama tiketi. Nilimpigia baba yake asubuhi tulipotulia. Angefanya nini usiku ule akiwa Kapiri Mposhi, Zambia, zaidi ya kukosa usingizi na kesho yake anashika usukani?

Simu ndiyo inayotulea siku hizi. Akishavuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia saa zinarudi nyuma, kwetu saa mbili usiku kwake ni saa moja, kwa hiyo tumekubaliana apige kabla hajala, wao wakiwa wameshakula. Mkubwa ameshajua barabara kuliko mimi. Anauliza, "Umepita Kitonga? Umefika Makambako?" Lori likipita Morogoro Road likielekea Kibaha analipungia mkono, lolote lile, na baadhi ya madereva wanampigia honi. Kuripoti makosa nimemwachia mwenyewe. Akitaka atasema, asipotaka basi, yalishaisha.

Juzi simu ilikuja baba yake akiwa foleni Tunduma, nyuma yake injini zinanguruma. Mtoto alinipokonya simu, akaingia nayo chini ya meza ya cherehani.

"Baba, nimemwaga unga."

"Wa ugali au wa chapati?"

"Wa chapati. Nimeshafagia."

"Wote?"

Akafikiri kidogo. "Mwingine kala mdogo."

Baba yake alicheka mpaka akakohoa, halafu mtandao ukakata. Mtoto akanirudishia simu na kwenda zake kucheza.